Niliyomwambia Akiwa Hewani

Watu wakisikia kwamba zamani za Wabelgiji nilifanya kazi kwenye uwanja wa ndege, huniuliza kama nilirusha ndege. Sikurusha. Nilikuwa karani wa hali ya hewa. Kazi yangu ilikuwa kutazama mawingu, kusoma kipimo cha upepo, kuandika nilichoona kwenye kikaratasi, na kukiweka kikaratasi hicho mbele ya Mzungu aliyezungumza na marubani. Yeye alikisoma, akabonyeza mikro, kile kipaza sauti cha redio, akasema. Miaka minne nilimwandikia maneno ya kusema, na sikuwahi kuigusa ile mikro hata kwa kuipangusa vumbi. Kuipangusa ilikuwa kazi ya mtu mwingine.

Uwanja wenyewe ulikuwa kaskazini ya Bukavu, njia ya kwenda Lwiro. Palikuwa na njia moja ya changarawe, majani pande zote, na kijumba cha mbao juu ya nguzo ambacho tulikiita mnara kwa heshima tu. Taa hazikuwepo. Jua likizama, uwanja umefungwa, na rubani aliyechelewa atajua mwenyewe pa kwenda. Upande mmoja tuliona ziwa, upande mwingine mlima Kahuzi, na kwa sehemu kubwa ya mwaka Kahuzi ulikuwa umejifunika wingu kuanzia saa nane mchana. Nilikuwa nikiuandika mlima ule kila siku: unaonekana, hauonekani, unaonekana nusu.

Mwaka ninaoukumbuka zaidi ni ule nilipooa. Mke wangu alikuwa muuguzi msaidizi, amefundishwa na masista, na kabla hatujajuana alikuwa ameshatia sahihi mkataba wa kufanya kazi katika hospitali ya machimbo ya dhahabu kule Shabunda. Tulifunga ndoa kanisani, tukakaa pamoja wiki tatu, kisha akarudi kumaliza mkataba wake. Mimi nikabaki na nyumba ya matofali katika mtaa wa Bagira, upande wa Kasha, niliyopewa kwa sababu nina mke. Nikawa naishi humo peke yangu, majirani wakiniuliza mke yuko wapi.

Miezi saba. Sijui niieleze namna gani miezi ile. Nilimtamani mpaka nikawa mkali kwa watu wasio na kosa. Nilipika ugali ukawa na madonge, nikaula nikiwa nimesimama. Alikuwa ameacha viatu vyake vya pili chini ya kitanda, na nilipofagia niliviinua, nikavirudisha palepale, vikitazama upande uleule. Barua zilikuja na ndege ya posta mara mbili kwa mwezi. Zangu niliziandika kikarani: nakujulisha kwamba mimi ni mzima, mvua imezidi, mama anakusalimu. Zake zilikuwa vivyo hivyo. Tulikuwa tumefundishwa kuandika na masista na mapadri, na hakuna aliyetufundisha kuandikia mtu unayemtaka. Hata midomoni maneno hayo hayakuwepo. Kwetu mume hakumwita mkewe kwa jina mbele ya watu, sembuse kumwambia mambo ya moyoni. Mama yangu aliponiona nimekonda alinikemea.

“Mwanaume mwenye kukonda juu ya bibi, watu banamuchekaka,” alisema.

Nikamwambia ni minyoo.

Basi asubuhi moja, mwanzo wa majira ya mvua, ikaja habari kwa redio kutoka machimboni. Ndege ndogo itaondoka Shabunda mchana: rubani, mtoto wa kike wa Mzungu mmoja wa machimbo, mguu umevunjika vibaya, mama yake amejifungua juzi na hawezi kusafiri, na muuguzi msaidizi wa kumshika mtoto. Mwenye redio wa kule alinijua, akaongeza kwa wema wake: muuguzi ni mke wa karani wenu wa hali ya hewa. Mkuu wangu, Mzungu mwenye kuongoza ndege, alinyanyua kichwa akanitazama. Alikuwa mtu mfupi, safi, mwenye penseli mbili mfukoni daima. Siku ile alinipa kiti.

Nilinyoa ndevu mara ya pili kwa maji ya chai. Nilitazama Kahuzi nikaandika: unaonekana. Nilikuwa mkweli katika kazi yangu, lakini siku hiyo, kama ungejifunika, sijui kama ningeandika.

Rubani tulimjua sote. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, na jina lake lilitajwa sana kwenye baa ya hoteli moja kando ya ziwa. Mkuu wangu hakumpenda kwa sababu hiyo. Aliposikika mara ya kwanza hewani, sauti yake ilikuwa nzuri tu: ameondoka, yuko juu ya msitu, anapanda ili avuke milima. Akasema huko juu kuna baridi kali, mtoto anatetemeka, amewasha joto. Ndege ile ilikuwa na kifaa cha kuleta joto kutoka kwenye injini. Akasema pia amevua visikizio vyake kwa sababu kichwa kinamgonga, na amefungua spika ya darini ili atusikie kwa hiyo. Mkuu wangu aliyaandika yote.

Baada ya dakika kumi aliita tena, akatuambia yuko mahali palepale alipokuwa mwanzo. Mkuu akamwuliza upya. Rubani akacheka. Akasema yuko vizuri, joto ni zuri, mtoto amelala, na bibi naye anasinzia, wote wamelala, nyumba nzuri hii. Maneno yalikuwa yanateleza, mengine yanakatika mkiani. Alipoulizwa yuko juu kiasi gani alitaja kimo ambacho kingemweka ndani ya tumbo la mlima.

“Amelewa,” mkuu wangu akaniambia kwa Kifaransa. “Mwanaharamu huyu amelewa na ana mtoto ndani.”

Akavuta daftari la makosa akaanza kuandika, huku akimpa rubani amri fupifupi kwa sauti ya ukali, geuka kulia, geuka kulia, na yule akijibu ndiyo, ndiyo, kama mtu anayezungumza na mkewe akiwa usingizini.

Mimi nilikuwa nimesimama. Kilichonisimamisha ni kile kicheko. Nilikijua. Mtu yeyote aliyekulia Bukavu kwenye nyumba ya udongo anakijua au amesimuliwa. Mji wetu uko juu, baridi yake si ya mchezo, na msimu wa mvua watu huingiza mbabula ndani, jiko la makaa, wakafunga mlango na kuziba matundu kwa magunia. Ni kosa letu sisi, watu wa vilima hivi. Wa Shabunda, kwenye joto, hawana haja nalo. Nilipokuwa na miaka kumi na moja, tukiishi mtaa wa Cimpunda, walinitoa mimi na dada yangu mkubwa asubuhi katika chumba chenye mbabula. Mimi nilikuwa nacheka. Wananiambia nilikuwa nacheka na kusema niacheni, kuna joto zuri, na kichwa kilikuwa kinanigonga, na ulimi ulikuwa mzito mdomoni. Dada yangu hakucheka. Alikuwa ametangulia kulala, hakuamka.

“Si pombe,” nikasema. “Bwana mkuu, si pombe. Ni moshi.”

Hakugeuka. Karani hakuongea wakati ndege iko hewani, hiyo ilikuwa sheria, na mimi mwenyewe niliwahi kumkemea mwenzangu kwa kuivunja. Nikasema tena, kwa sauti ambayo sikuwahi kuitumia kwa Mzungu. Nikamwambia habari za mbabula, kwamba lile joto linatoka kwenye injini, kama kuna bomba limepasuka basi hewa mbaya inaingia pamoja na joto. Bibi anasinzia, mtoto anasinzia, wao pia wamekunywa pombe? Hapo ndipo penseli yake iliposimama.

Sitamsema vibaya. Alikuwa na kiburi, lakini hakuwa mjinga. Alibonyeza mikro akamwambia rubani azime joto na afungue dirisha. Rubani akasema ndiyo. Akaambiwa tena. Akasema ndiyo, mpenzi. Kisha hakujibu tena. Mkuu aliita mara nne, mara tano. Tulisikia tu ule mvumo wa redio yenyewe. Nikatazama nje: wingu lilikuwa limeanza kuushika mlima Kahuzi mabegani.

Ningependa kuandika kwamba nilimnyang'anya mikro. Nimewahi kusimulia hivyo, baada ya chupa ya pili. Ukweli ni kwamba yeye mwenyewe alinipa. Alitazama ile karatasi aliyoandikia habari ya asubuhi kutoka machimboni, akatazama uso wangu, akasema, “Spika iko wazi. Mkeo anasikia. Sema naye.” Akachora haraka kwenye karatasi dirisha liko wapi na kifungo cha joto kiko wapi.

Ilibidi kwanza nimwite, na kumwita “wee”, kama nilivyozoea, kusingemwamsha. Nikamwita kwa jina lake la ubatizo. Ilikuwa mara ya kwanza litoke mdomoni mwangu, na Mzungu yupo ananisikiliza.

“Ni miye, bwana yako,” nikasema. “Nasemea huku chini ku kiwanja. Usiogope. Uyo muzungu hakulewa, iko anakufa na moshi, sawa ile ya mbabula. Na wewe moshi iko inakuingia. Amuka. Ku dirisha yake kuko kashikilio kadogo, kavute nyuma.”

Niliachia kitufe. Kimya. Mkuu akanionyesha kwa kidole, endelea, endelea.

“Sasa angalia chini, karibu na magoti yake. Kuko kifungo kyekundu. Sukuma mpaka mwisho. Mutoto umuweke ku upepo. Muzungu umupige ku shavu, umupige nguvu, usimuogope.”

Kimya tena. Mkuu akaniambia kitu ambacho mimi mwenyewe nilikuwa nimekisahau kwa hofu: huyu mwanamke hajui kubonyeza cha kusemea, hawezi kukujibu hata akitaka. Kwa hiyo hutajua. Usinyamaze. Ukinyamaza, kama ameamka kidogo, atarudi kulala. Sema chochote.

Nilirudia dirisha, nikarudia kifungo. Nikarudia shavu la rubani. Halafu mambo ya ndege yakaniishia. Nilikuwa nimeshika ile mikro kwa mikono miwili, wingu limefika nusu ya mlima, na sikuwa na kitu kingine kilichobaki isipokuwa kile nilichokuwa nacho miezi saba.

“Usilale,” nikamwambia. “Ukilala miye nitafanya nini? Nitarudi wapi? Ile nyumba ya Bagira siipendi. Mangaribi nikifika nasimamaka kwanza ku mulango. Najua hamuna mutu, lakini nasimamaka. Biatu byako biko palepale uliacha. Barua zote nilikuandikia ni za bongo, haziko za kweli. Niliandika niko muzima. Siko muzima. Nakuwazaka asubui mu kamyo, nakuwazaka nikiandika mawingu, nikiona mvua najiuliza kama na kwenu inanyesha. Mama alisema nimekonda, nikasema ni minyoo. Haiko minyoo. Ni wewe. Nakupenda. Sijakuambia ata siku moja, juu nilikuwa na haya. Sasa nakuambia. Fungula ile dirisha, shuka, nikuone. Shuka tu, nikuone.”

Sijui nilisema mara ngapi. Nilikuwa nalia, na sikujali. Niliweza kusema kwa sababu sikuuona uso wake, na kwa sababu hakuweza kunijibu. Hilo nimelielewa baadaye. Wakati ule nilijua kitu kimoja tu, kwamba huenda namwambia maiti.

Redio ikakwaruza. Sauti nzito ya kiume ikakohoa sana, ikatema, ikakohoa tena, kisha ikasema kwa Kifaransa kilichonyooka, “Mnara, huyu mwanamke amenipiga makofi.”

Mkuu alichukua mikro kutoka mikononi mwangu kwa upole, kama unavyompokonya mtoto kisu. Akamgeuza rubani kulia, mbali na mlima, akamshusha juu ya ziwa polepole, akimwuliza kila dakika jina lake na siku gani leo. Madirisha yote yalikuwa wazi. Nilikuwa nimekwisha shuka ngazi. Ndege iligonga changarawe, ikaruka, ikagonga tena, ikakimbia ikiyumba mpaka kwenye majani, ikasimama.

Mlango ulifunguka, akatoka mke wangu, amembeba yule mtoto kifuani, kitambaa cha kichwa kimechukuliwa na upepo. Mtoto alikuwa analia kwa nguvu, sauti nzuri kuliko zote nilizopata kuzisikia. Alimkabidhi kwa watu wa gari la hospitali, akaenda pembeni, akainama, akatapika kwenye majani. Nikasimama hatua tatu kutoka kwake, kwa sababu watu walikuwa wengi. Akapangusa mdomo, akanitazama toka miguuni hadi kichwani.

“Umekonda kweli,” alisema.

Ni hayo tu. Akapanda gari pamoja na mtoto, maana kazi yake ilikuwa haijaisha. Fundi alikuta bomba la moshi limepasuka, pale hasa linapopita kwenye kifaa cha joto. Katika daftari mkuu aliandika kwamba rubani aliagizwa kufungua dirisha. Hakuandika nani aliyeagiza. Kesho yake nilirudi kwenye vikaratasi vyangu, na mikro ikawa tena si yangu. Mkataba wa mke wangu machimboni ulivunjwa kwa heshima, na jioni ya siku ya nne nilipofika Bagira sikusimama mlangoni, kwa sababu ndani kulikuwa na mvuke wa maharage na mtu anayenigombeza kwa kuchelewa.

Ningemaliza hapo kama si redio. Redio husikiwa na kila mwenye redio. Yule mtu wa Shabunda alikuwa amesikia kila neno, na kwa wema wake uleule akawasimulia machimbo mazima, na machimbo yakawasimulia madereva wa kamyo, na madereva wakaleta habari hiyo mjini. Wiki mbili hazikupita, nikawa nikipita Kadutu vijana wa baa wananiitia kwa mbali, “Shuka tu, nikuone.” Kazini wenzangu walinisalimia hivyo. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, aliyasema kwenye harusi mbele ya wazee, akiiga na kilio, na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mimi pia nilicheka. Moyoni nilikuwa nimefunga kitu na kukipigilia misumari. Nilijiambia hakuna atakayenisikia tena nikisema hivyo, na nilipojiambia hakuna, nilimhesabu na mke wangu.

Tuliishi pamoja miaka mingi sana. Tulizaa, tulizika, tulikimbia, tulirudi. Nilimjengea jiko nje, lenye madirisha mawili, na mbabula haikuvuka mlango wetu hata siku moja. Nilimnunulia viatu. Nilimpeleka kwa daktari kabla hajasema anaumwa. Kila kitu ambacho mikono inaweza kufanya nilikifanya. Yeye hakuwahi kunikumbusha ile siku, wala hakunitania. Wakati mwingine, tukiwa wawili tu, mvua inanyesha, alinitazama namna fulani, akanyamaza, kama mtu anayengoja redio ianze. Nami nilikuwa nikiinuka kutazama paa kama linavuja.

Alipolazwa mara ya mwisho chumba kilijaa watu. Watoto wetu, wajukuu, wamama wa kanisa, shemeji yangu yule amekuwa mzee wa fimbo, amekaa karibu na dirisha. Mke wangu alikuwa amedhoofu, sauti imekuwa ndogo. Aliniashiria niiname, nikainama.

“Unisemeshe sawa siku ile,” alisema. “Sawa ile siku ya ndege.”

Nilijua anataka nini. Maneno niliyakumbuka yote, sijasahau hata moja mpaka leo. Nilifungua mdomo, nikainua macho, nikawaona watu wametulia wanatusikiliza, na shemeji yangu amesogeza kichwa ili asikie vizuri. Nikamuuliza kama amekwisha kunywa dawa.

Alinitazama kidogo. Akasema ndiyo, amekunywa.

Kesho yake nilikwenda mapema, kabla ya saa ya wageni, ili nimkute peke yake. Njia nzima nilikuwa nayasema maneno yale kwa sauti, na watu niliopishana nao sikuwajali. Nilikuta kitanda kimeshatandikwa.